SN1 na SN2: kwenye video naelewa, kwenye karatasi nakwama

Ngara_MwakaWaPili
Wadau wa kemia, hamjambo. Nasoma mimenyuko ya ubadilishaji (kundi moja kwenye kaboni linaondoka, jingine linachukua nafasi yake: SN2 kwa hatua moja, SN1 kwa hatua mbili) kwa video za YouTube. Mwalimu akichora, kila kitu kinaingia. Nikishika karatasi ya mtihani wa zamani, hakuna kinachotoka. Kwa mfano:

(a) CH3CHBrCH2CH3 pamoja na NaCN ndani ya DMSO
(b) (CH3)3CBr ndani ya ethanoli na maji, vuguvugu, bila besi kali

Video inasema kaboni ya daraja la pili (iliyoshikana na kaboni mbili) inaweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Sasa (a) nitaamuaje? Halafu kuna majibu ambapo R inakuwa S (herufi za mpangilio wa vikundi vinne kuzunguka kaboni), na mengine R inabaki R ilhali ni SN2 ileile. Huwa natazama kwa 144p kwenye matatu ili kubana data.

Kiyeyushi
Tuanze na hiyo 144p. Kwa ubora huo, kifungo cha kabari (kinachokuja kwako) na kile cha vipandevipande (kinachoenda nyuma) vinaonekana kama mstari mmoja mnene, na SN2 yote imejengwa juu ya tofauti hiyo. Pakua kwa 480p ukiwa na Wi-Fi ya maktaba, kisha utazame mezani na kalamu mkononi. Matatu iachie muziki.

Sasa maswali yako. Hesabu kwanza kaboni zilizoshikana na ile yenye Br. Ikiwa haina kaboni jirani au ina moja tu, karibu kila mara ni SN2. Zikiwa tatu, SN2 isahau, maana nukleofili (chembe inayoshambulia kaboni kwa jozi yake ya elektroni) haina pa kupenya. Zikiwa mbili, kaboni peke yake haikupi jibu, na hapo ndipo video nyingi hupita mbio. Angalia nukleofili na kiyeyushi. CN⁻ ni nukleofili kali. DMSO ni kiyeyushi chenye ncha za chaji lakini hakina hidrojeni ya kuizingira anioni, kwa hiyo CN⁻ inabaki huru kushambulia. (a) ni SN2, kasi = k[RBr][CN⁻], na hakuna kabokationi (kaboni yenye chaji chanya) ya kuchora.

Kwenye (b), Br inaondoka yenyewe kwanza, polepole, na ethanoli na maji yanazituliza ayoni zote mbili. Ni SN1: kasi = k[RBr] tu. Utapata alkoholi na etha, pamoja na alkini... samahani, alkeni kidogo kupitia E1 (H na Br zinaondoka bila kitu kuchukua nafasi, kwa hatua mbili). Ukiongeza NaOH kali na joto, usiandike SN1 tena: E2 (uondoaji huohuo kwa hatua moja) inatawala na unapata (CH3)2C=CH2.

Tahadhari moja: (CH3)3CCH2Br ni ya daraja la kwanza, lakini SN2 yake ni ya kusuasua kwa sababu kaboni jirani imejaa matawi. Watahini wanaipenda sana hiyo.

Kabari_na_Mstari
Kuhusu R na S: SN2 hupindua umbo. Herufi ni suala jingine, inategemea mpangilio wa vipaumbele (atomu yenye namba ya atomu kubwa zaidi hutangulia) baada ya kubadilisha.

Kwenye (a), Br ilikuwa ya kwanza, etili ya pili, methili ya tatu. CN ikiingia inashika nafasi ya kwanza pia, kwa hiyo R inakuwa S. Chukua sasa CH3CHBrCH2OCH3 na CN⁻ hiyohiyo. Mwanzoni Br iko juu ya CH2OCH3. Baadaye, CH2OCH3 inaipita CN, kwa kuwa unalinganisha atomu kubwa kwanza: O dhidi ya N, O inashinda, hata kama CN inahesabiwa N tatu. Umbo limepinduka na vipaumbele viwili vimebadilishana nafasi, basi herufi inabaki ileile. Usigeuze herufi kwa mazoea. Chora, panga 1-2-3-4, ndipo usome.

Neli_Kavu
Kama mna maabara, thibitisheni kwa mikono. Neli ya kwanza: mililita 2 za NaI 15% ndani ya asetoni, matone 2 ya sampuli (halaidi unayoipima, yaani kampaundi yenye Br au Cl). Huu ni mtihani wa SN2. NaBr na NaCl haziyeyuki kwenye asetoni, hivyo mashapo meupe yanashuka. Kama hakuna kitu baada ya dakika chache, weka kwenye maji ya 50°C, si zaidi, kwani asetoni huchemka kwenye 56°C na mvuke wake unashika moto upesi. Neli ya pili: mililita 2 za AgNO3 ndani ya ethanoli, matone 2. Huu ni wa SN1, na halaidi ya daraja la tatu hutoa mashapo papo hapo.

Kinachoharibu matokeo ni maji. Neli ya asetoni ikiwa na unyevu, NaBr inayeyuka humo na utasema hakuna mmenyuko. Neli ya fedha ikioshwa kwa maji ya bomba tu, kloraidi yake inatoa weupe kabla hata hujaweka sampuli. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, ukaushe. Vaa glavu pia, AgNO3 inaacha madoa meusi ya siku kadhaa.

Ngara_MwakaWaPili
Asanteni sana. Na video yenyewe niitazameje?

Kiyeyushi
Isimamishe mara tu vianzio vinapoandikwa, kabla ya mshale wa kwanza. Andika daraja la kaboni, nukleofili, kiyeyushi, kisha chora mishale yako mwenyewe. Mshale uliopinda unaanzia kwenye jozi ya elektroni au kwenye kifungo. Ukianzia kwenye H⁺ au kwenye kaboni yenye chaji chanya, umekosea hata kama zao ni sahihi. Endelea kucheza, linganisha mshale kwa mshale. Video ya dakika 10 itakula karibu saa nzima. Kesho yake rudia swali lilelile bila video.