Mrejesho: ile mambo ya loaziri (vitu unapenda kufanya ukiwa na nafasi) kwenye sivi (karatasi ya kuombea kazi)

Jamani, ni mie niliuliza kama nitoe ile sehemu ya loaziri kwenye sivi, penye niliandika tu "kusoma, muziki, kusafiri" (kusafiri wapi, sijapita hata Uvira!). Nilifuata yule mkubwa mmoja alinijibu niandike kitu chenye naweza kueleza, nikafuta yote nikaweka mstari moja: nafundisha watoto basketi huku Kadutu, Bukavu, tangu 2021, kila jumamosi, watoto kama 20. Kwa interviu ya kazi ya kuhamasisha vijana mama mmoja akaanzia pale pale, eti wazazi wakikataa unafanya aje, nikaongea mpaka woga ikaisha. Diploma walipitia haraka tu. Kazi nilipata, naanza tarehe moja, aksanti sana bandugu.