Timu imeshinda mechi 14 kati ya 17, mbona inacheza ugenini na iliyoshinda 10?

Njugu Karanga:
Wakuu salama? Niko Minnesota mwaka wa tatu sasa na hii baridi imenifundisha mengi, mojawapo ni kukaa ndani kuangalia huu mpira wao wa Kimarekani wa kubeba mikononi, ligi yake inaitwa NFL. Wenzangu wa zamu ya usiku wote ni Vikings, timu ya hapa Minnesota, basi na mimi nikaingia, na msimu huu wa 2024 nikazama kabisa maana tulianza kwa kushinda tano mfululizo, hiyo ya tano tuliwapiga Jets wa New York 23-17 kule London kwenye uwanja wa Tottenham, nikawatania washkaji wa Spurs kwamba angalau kuna mtu anafurahi pale.

Sasa swali. Tumemaliza na ushindi 14, tumepoteza 3 tu. Rams wa Los Angeles kashinda 10 kapoteza 7. Mtoano unaanza naambiwa sisi ndio wageni wake?? Na huo ugeni wenyewe haukuwa hata Los Angeles, moto ulikuwa unawaka kule mechi ikahamishiwa Arizona, tukala 27-9 juzi Jumatatu na msimu kwisha. Nani anapanga haya mambo? Kwetu ukiwa na pointi nyingi uko juu, basi. Nieleweshwe polepole, maana kazini nikiuliza wanaguna tu, kuna msiba.

MpareWaMichigan:
Pole mkuu. Mimi naongea nikiwa upande wa pili, niko Michigan, Yanga wa kuzaliwa lakini huku nimejikuta nashabikia Lions wa Detroit, yaani Simba, wazee nyumbani wakijua nafutwa kwenye ukoo 😂

Shida yako unaichukulia kama ligi. Ichukulie kama makundi ya AFCON. Timu ziko 32, pande mbili za timu 16, kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Kinara wa kundi anapewa nafasi ya 1 mpaka ya 4 hata kama kundi lake ni la vibonde, halafu watatu wenye rekodi nzuri kati ya waliobaki wanaingia kama besti luza, ya 5 mpaka ya 7. Wewe ulipangwa kundi moja na sisi tulioshinda 15, kwa hiyo na 14 zako zote ukawa besti luza. Hakuna besti luza mwingine aliyewahi kushinda nyingi hivyo kwenye NFL, hapo nakupa heshima yako. Rams na 10 zake alikuwa kinara kwake, na kinara anacheza nyumbani.

Ila mbona umeruka mechi ya mwisho? Januari 5 mlikuja Detroit wote tumeshinda 14 na kupoteza 2. Anayeshinda anakuwa wa kwanza upande mzima na anapumzika raundi ya kwanza, anayefungwa anaporomoka mpaka ya tano, katikati hakuna kitu. Tukawapiga 31-9. Gibbs wetu peke yake tachidauni nne, yaani mara nne kaufikisha mpira mwisho wa uwanja wenu. Sasa unamlaumu mpangaji gani?

Kobe Mzee:
Mimi niko Dar, hiyo ya Rams niliamkia saa kumi alfajiri na kazini nikaenda macho mekundu kama mla pilipili, kwa hiyo nina haki ya kuongea. Darnold, mrushaji mpira wa Vikings, aliangushwa na mpira mkononi mara TISA. Tisa! Ni sawa na rekodi mbaya kuliko zote za mtoano. Mpira mwingine ukamtoka, Verse wa Rams akauokota akakimbia nao yadi 57 mpaka mwisho, mapumziko tayari 24-3. Hiyo hata mngechezea sebuleni kwa kocha mlikuwa mnapigwa.

Na kuna kitu naona hamjakigusa, hebu hesabuni. Vikings msimu mzima kafungwa mara nne ukijumlisha mtoano: Lions 31-29, Rams 30-20, Lions 31-9, Rams 27-9. Timu mbili tu duniani zinamuweza, zile zile, na zote akakutana nazo mwisho mwisho wiki mbili zikifuatana. Wengine wote anawala. Hapo sio utaratibu tena, hapo ni kuwa na wababe wako.

Bi Mkubwa wa Theluji:
Njugu mwanangu karibu kwenye mateso. Mimi niko huku tangu 1998, mwaka huo tulishinda 15 tukapoteza 1, na tulicheza NYUMBANI hatua ya kwenda Super Bowl, fainali yenyewe. Mpigaji wetu Gary Anderson alikuwa hajakosa teke hata moja msimu wote. Tunaongoza 27-20, zimebaki dakika mbili na kitu, anapiga la yadi 38 amalize kazi, likapita kushoto nje ya milingoti. Wapinzani wetu Falcons wa Atlanta wakasawazisha wakatumaliza 30-27 muda wa nyongeza. Super Bowl tumecheza nne na hatujawahi kubeba hata moja. Kwa hiyo usinililie ugenini.

Njugu Karanga:
Daah mama hiyo ya 38 bora usingeniambia. Asanteni nimeelewa ila sijakubali.

Njugu Karanga:
Nafufua uzi, wiki moja baadae. MpareWaMichigan uko wapi kaka? Lions nafasi ya kwanza, kupumzika juu, nyumbani Detroit, na bado mmekula 45-31 za Washington, besti luza wa nafasi ya sita 😂😂

MpareWaMichigan:
Sipatikani kwa sasa.

Kobe Mzee:
Ni mwezi wa tano 2025 najua ila hii lazima niiweke. Lions wenyewe ndio walipeleka pendekezo kwa wenye timu kwamba nafasi za mtoano zipangwe kwa rekodi, kinara wa kundi asijipe nyumbani tu kwa sababu ni kinara. Wakaliondoa kabla halijapigiwa kura. Yaani Njugu waliokutetea ni haohao waliokushushia 31.

Njugu Karanga:
Nimeona. Na Darnold keshaenda Seattle, miaka mitatu dola milioni 100.5, sisi tumebaki na mrushaji dogo McCarthy ambaye goti lilimuweka nje msimu mzima wa 2024, mpaka leo mwezi huu wa tano hajacheza hata mechi moja ya ligi. Bi Mkubwa, tiketi za mwaka huu bei gani, au ndio nisubiri kwanza nione goti?

Bi Mkubwa wa Theluji:
Subiri goti.