Naomba ushauri: usaili wa chemsha bongo ya runinga

Hamjambo ndugu zangu. Nimeitwa kwenye usaili wa kipindi cha chemsha bongo hapa Nairobi, wiki ijayo. Kuna mtihani wa maswali, halafu mahojiano mafupi mbele ya kamera.

Mtihani haunitishi sana. Kaunti zote 47 nazitaja kwa namba zake, kuanzia Mombasa 001 hadi Nairobi 047, Katiba ya 2010 nimeipitia, na miji mikuu ya Afrika naijua, hata ile iliyohamishwa kama Abuja na Gitega. Shida ni kasi. Tukiwa kwenye matatu ya Rongai, dada yangu huniuliza maswali akiwa ameshika simu. Akianza tu kuhesabu "tano, nne, tatu", abiria wakigeuka kututazama, jibu lililokuwa mdomoni linapotea. Nikiwa peke yangu chumbani najibu bila shida.

Kwa waliowahi kupita huko: mlizoeaje kujibu huku saa inakimbia na watu wanawatazama? Na kwenye mahojiano, mimi fundi cherehani wa Gikomba nizungumzie kazi yangu, au wanatafuta mtu mcheshi tu? Vichekesho, kusema kweli, sina.