Dhifa ya mgeni msemaji wa elimu ya nembo: meza kuu, bendera na ratiba

Karafuu_Mbili
Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha wapenzi wa bendera na nembo kinaandaa dhifa ya watu 40 hapa Mji Mkongwe, Jumamosi moja ya mwezi ujao. Mgeni wa heshima anatoka Uingereza, atazungumza dakika 40 juu ya ngao za ukoo, na mwenyewe ana nembo yake. Naomba kujua akae upande gani wa mwenyekiti, bendera zikae vipi nyuma ya meza kuu, na hotuba iingie wapi baina ya chakula, kahawa na udi. Mpiga chapa naye anadai picha ya nembo ya mgeni kwa ajili ya kadi ya vyakula.

Maalim_Ngao
Waalaykum salaam. Kwanza kubalianeni "kulia" ni kwa nani, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Katika ngao, kulia ni kwa aliyeishika, si kwa anayeitazama. Upande wa heshima ni ule unaouona kushoto kwako.

Meza kuu ni vivyo hivyo. Mwenyekiti katikati, mgeni kulia kwake, anayefuata kwa cheo kushoto kwake, kisha mnaendelea kulia, kushoto. Viti viwe saba. Vikiwa sita hakuna katikati. Anayepanga kadi za majina asimame nyuma ya viti, uso ukitazama ukumbi. Akizipanga kutokea mbele, mgeni ataangukia kushoto kwa mwenyekiti na hakuna atakayegundua mpaka watu washakaa.

Bendera ya Taifa iwe kulia kwa waliokaa, ya Zanzibar kushoto kwao. Ya Uingereza msiiweke, mgeni kaja kama mtaalamu, haiwakilishi serikali yake. Kabla milango haijafunguliwa mtu mmoja azikague. Ya Taifa ina kijani juu upande wa mlingoti na buluu chini. Ya Zanzibar ni kinyume: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na bendera ndogo ya Taifa kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Mkono uliozoea moja huipindua nyingine, na kwa wageni wa aina hiyo kosa litaonekana kabla ya sambusa.

Chetezo
Mimi nasemea ratiba. Msiandike saa moja na nusu kwenye mwaliko, Isha itawakatia watu. Andikeni saa 2:15 usiku, chakula saa 2:45, hotuba saa 3:45. Msemaji kusimama baada ya chakula ndiyo desturi ya kwao pia, hatashangaa.

Hatari yenyewe ni udi. Chetezo kikizunguka mwisho wa karamu, watu wanajua wameruhusiwa kuondoka. Mkikipitisha pamoja na kahawa kabla ya hotuba, nusu ya ukumbi itakuwa inatafuta viatu na mgeni hajafika picha ya tatu. Kwa hiyo: chakula, kunawa, hotuba, maswali, kahawa na halua, ndipo mrashi na udi. Makaa yawashwe nje hotuba ikibakia kama robo saa. Udi usitiwe mpaka kaa lifunikwe na jivu jeupe. Likiwa bado jekundu tupu, kipande kinaungua na kutoa moshi wa kukohoza badala ya harufu.

Kwa watu 40: mchele kilo 6, nyama ya mbuzi yenye mfupa kilo 10 mpaka 12, halua kilo 2 na nusu. Halua isilazwe kwenye friji, samli inaganda na inakuwa ngumu. Kahawa, kikombe kidogo ni kama mililita 60. Vikombe vitatu kwa kila mtu ni lita 7 na ushei, basi wekeni madele yasiyopungua manne yakipokezana jikoni. Kama mnataka kunyanyua glasi kwa heshima ya mgeni, ukwaju umiminwe kabla mshereheshaji hajasema neno. Watu wamesimama na glasi tupu ni aibu.

Wino_Mweusi
Mpiga chapa msimpe picha ya kuokota mtandaoni. Mwombeni mgeni maelezo ya maandishi ya nembo yake. Katika elimu hii maneno ndiyo asili, mchoro ni tafsiri tu, na fundi yeyote anaweza kuuchora upya alimradi afuate maneno.

Mkichapa kitambaa kwa karatasi ya pasi (ile inayohamisha picha kwa joto), picha ichapwe imegeuzwa kwanza. Fundi akisahau, simba anatazama upande mwingine, na huyo kwa wajuzi ni simba tofauti. Kadi za rangi moja zina njia yake ya kuonyesha rangi za ngao, ya tangu karne ya 17: mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, nukta ni dhahabu, na patupu ni fedha. Nembo ya Taifa msiifanye pambo la kadi, Sheria ya Nembo za Taifa inataka ruhusa.

Karafuu_Mbili
Ahsanteni sana. La mwisho: mwenzetu anasema bendera yetu ya Zanzibar ya 2005 inavunja kanuni ya rangi, kwa vile buluu imekalia nyeusi. Tumjibu nini?

Maalim_Ngao
Haivunji. Kanuni inakataza rangi kuwekwa juu ya rangi, au dhahabu juu ya fedha; dhahabu (yaani manjano) na fedha (nyeupe) huhesabiwa madini, si rangi. Ile mistari mitatu imelala ubavu kwa ubavu, ni uwanja uliogawanywa. Bendera ya Taifa, iliyo na manjano nyembamba baina ya nyeusi na rangi nyingine mbili, imejihadhari zaidi, basi.

Inayovunja kweli ni ile ya Zanzibar ya Disemba 1963: duara la kijani juu ya uwanja mwekundu. Karafuu mbili za dhahabu ndani ya duara ziko sawa kabisa, na jina lako nadhani limetoka huko. Muwekeeni mgeni picha yake kwenye kipindi cha maswali, mumuulize yeye.