Tupeane uzoefu: kile kidude cha mkononi cha kuwekea ratiba (Palm, Casio na wenzake), mtu akinunue au aachane nacho?

UziWaHina
Assalaam alaykum jamani. Mie kazi yangu kupamba maharusi, hina na piko, nakaa Mlandege lakini naitwa mpaka Nungwi na Makunduchi huko. Ikifika Shaabani na mfunguo mosi watu wanagombania tarehe, mmoja anapiga simu haliyakuwa mkono wa biharusi uko mapajani kwangu, mwengine ananiachia voisi ndefu anaanza na salamu za mama yake na shangazi yake, mpaka afike kwenye tarehe hina ishakauka. Na nikiishika simu niandike tu "Ijumaa Fuoni saa kumi" nshaingia kwenye status za watu, nikitoka huko sikumbuki nlikuwa nataka kuandika nini. Sasa mtoto wa dada yangu yuko Uingereza anakuja mwisho wa mwezi, kasema kuna duka la mitumba kaona Palm, kile cha kuandikia kwa kijiti, hakina intaneti wala WhatsApp, paundi ishirini na tano, ananiuliza anichukulie? Walowahi kutumia naomba munambie ukweli. Na musinambie ninunue daftari, daftari ninalo, limeingia mafuta ya mkaratusi kurasa nzima hazisomeki.

MzeeWaMalindi
Wa alaykum salaam bi UziWaHina. Hicho mie nimekitumia miaka, Palm IIIxe, ndugu yangu alinitolea Dubai wakati nafanya klirensi pale bandarini. Kazi yetu ile ni namba tu, kontena moja lina herufi nne na tarakimu saba, na mwenye mzigo anakupigia anauliza la kwake liko wapi na wewe uko juani kwenye geti. Nlikuwa naandika mbili tatu za mwanzo, inanionesha meli gani na mwenyewe nani. Kuandika kwake unajifunza, kila herufi mpigo mmoja bila kunyanyua kijiti, A ni kama V ilopinduliwa, haina ule mstari wa kati, I ni mstari tu wa kushuka, na Kiswahili chetu kimejaa A na I kwa hiyo mkono unazoea haraka. K ndo ilokuwa ikinitesa. Herufi unaandika upande wa kushoto wa kile kisanduku cha kuandikia kilichoko chini ya kioo, namba upande wa kulia, ukikosea upande inakuletea vioja.

Ila nlipokipenda khasa ni ule umeme ulipokatika Disemba 2009, waya wa chini ya bahari unaotoka Bara kuingilia Fumba ulipokufa, Unguja nzima kiza mpaka Machi 2010. Mnakumbuka foleni za kuchajisha simu kwa wenye majenereta? Na ukiiwacha simu yako pale unaomba Mungu uikute. Mie kidude changu kinakula betri mbili zile nyembamba za rimoti, kila duka la mtaani zipo, na seti moja inakwenda wiki na wiki. Hata simu ikizima namba za watu ninazo, nakwenda kwa jirani naomba ya kwake napiga.

BintiKikwajuni
Mzee wangu hiyo 2010, leo kila mtu ana pawabenki 😂

MzeeWaMalindi
Mwanangu, pawabenki nayo inachajiwa na nini?

TichaWaChake
Mimi nilikuwa na Casio, ile ya kufunua kama kitabu yenye vitufe vya ABC, ami yangu alikuja nayo kutoka Muscat nikiwa naanza kusomesha. Kwa kweli niliringa nayo sana. Nikaweka namba za wazee wa wanafunzi, siku za mitihani, nani kalipa mchango wa skuli nani bado. Ina sehemu ya siri unafungia kwa neno lako, nikaweka michango huko kwa sababu walimu wenzangu walikuwa wakiichezea. Likizo ndefu ikapita, narudi neno la siri silikumbuki. Kwenye kijitabu cha maelekezo hakuna mlango wa nyuma, ukilisahau unaminya kile kitundu cha nyuma kwa pini inafuta KILA KITU, hata visivyokuwa siri, sasa sijui siri ilikuwa inamlinda nani. Nikaenda nyumba kwa nyumba Madungu na Tibirinzi kuwauliza wazee wamelipa ngapi, na Alhamdulillahi wengi walisema kweli.

Betri yake ni ile bapa ya duara CR2032, wakati ule Pemba kuipata mpaka umuagize mtu wa Unguja. Saivi zipo kwa mafundi wa saa.

UziWaHina
Subhanallah ticha. Sasa huko kufutika na Palm inafanya hivyo?

FundiMkunazini
Dada hapo ndo pa kuulizia, kabla hujamwambia alipe mwambie akigeuze asome nyuma pameandikwa nini, maana Palm si moja. Za kwanza zimetoka 1996, kampuni ikaja kununuliwa na HP 2010 na mwaka uliofuata vifaa vyake vikasimamishwa, kwa hiyo chochote atakachokiona dukani ni kikongwe, suala ni kikongwe cha aina gani.

Kuna zinazokula betri za rimoti, IIIxe aliyokuwa nayo mzee hapo juu, m100, m105, m125. Betri utazipata hata kwa muuza maji, lakini kumbukumbu yake inaishi kwa umeme. Betri ukizitoa una kama dakika hivi utie nyengine, ukizubaa au zikafia kwenye mkoba na wewe hujui, siku ukiiwasha inakukaribisha kama ndio kwanza umeinunua. Hakuna fundi wa kukurudishia, mimi nimeletewa na nimewarudishia wenyewe.

Halafu kuna zenye betri ya ndani ya kuchaji, Palm V, m500, Tungsten E, na hizo ni mbaya zaidi kwako kwa sababu betri yenyewe ina miaka ishirini, ushaichaji usiku ukiamka Fajr ishashuka, ikizima imesahau vile vile. Zilokuja mwishoni, Tungsten T5 ya 2004, E2 na TX za 2005, hizo ndo hazisahau hata betri ikifa kabisa, maandishi yanabaki, lakini betri kuibadilisha ni kulifungua kasha na betri yenyewe uagize.

Ungeniuliza mimi moja tu ya kuchukua ningekwambia m125 ya 2001. Inakula betri za rimoti NA ina tundu la kadi ya SD, unatia programu ndogo ya kunakili, kila Alhamisi unaweka nakala kwenye kadi, ikijisahau unairudishia. Kadi yenyewe iwe ya zamani ndogo, zile za GB 32 haizisomi. Kuiunganisha na kompyuta usijisumbue, programu yake ni ya enzi za Windows XP, ukiipeleka kwenye kompyuta ya leo waya hautambuliki utanilaumu bure.

Jengine, kalenda ya Palm inaishia mwisho wa 2031. Biharusi wa 2032 hutoweza kumuandika.

UziWaHina
😂😂 wa 2032 bado wako skuli hao. Lakini tarehe zangu ni za mwezi fundi, mtu anakwambia "mfunguo pili tarehe kumi" na mwezi wenyewe haujaandama, atakuja kuniambia vizuri tukishafika. Hicho kidude kinajua mfunguo?

FundiMkunazini
Chenyewe hakijui. Kulikuwa na vijiprogramu watu walitengeneza vya kalenda ya Kiislamu na nyakati za sala, lakini vinapiga hesabu tu, havingoji mwezi kuonekana, kwa hiyo siku moja mbele au nyuma ni kawaida. Utaandika kwenye noti za kawaida mpaka tarehe isimame.

Mkarafuu_Konde
Mie niko nje ya maharusi lakini nnalo la kusema. Msimu wa karafuu wachumaji tunawalipa kwa pishi, jioni wanakuja na makonyo yao kwenye polo tunapima, fulani pishi saba, fulani tisa, anaandikwa. Kaka yangu aliyekuwa hotelini aliniletea kidude cha namna hiyo, sikumbuki jina lake, kajinyamazia tu rangi ya kijivu. Nikawa naandika humo. Kijumlisha kinajumlisha safi, makosa hakuna. Siku ya kulipa mama mmoja mtu mzima kaniangalia kaniambia "baba, hayo yaliyomo humo nani kayaona?" Nikamuonesha kioo, akasema hicho unakifuta kwa kidole. Na ni kweli nakifuta kwa kidole, nitamjibu nini? Kwenye daftari yeye anaona mstari wake, anaona wino wa jana na wa juzi, ikibidi anaweka dole gumba. Mambo ya pesa za watu msiyatie kwenye kidude. Ratiba yako mwenyewe sawa, maana ukisahau unajikosesha wewe.

TichaWaChake
Hapo umenena ndugu yangu wa Konde. Bi UziWaHina, arbuni za watu ziandike karatasini na umkatie risiti.

NahodhaPaje
Mimi nitakuwa mfupi. Boti, chumvi, mchanga. Kioo cha kuandikia kwa kijiti mchanga ukiingia pembezoni kinachubuka, baadae unagusa hapa kinajibu pale, unataka Jumanne kinakupa Jumatano. Wageni wawili walinijia wakiwa navyo, vyote viliishia kwenye mfuko wa mchele. Mimi nna ubao wa plastiki na penseli, unaandika ukiwa umerowa, jioni nafuta.

UziWaHina
Mimi si chumvi ni hina, lakini vidole vyangu kutwa vina mafuta. Kijiti nitakishika hivyo hivyo?

MzeeWaMalindi
Kijiti hakina neno, unakipangusa. Mie nlikuwa nabandika nailoni nyembamba juu ya kile kisanduku cha kuandikia, ikichakaa nabadilisha. Kioo chenyewe usikiguse kwa kidole.

BintiKikwajuni
Da Uzi nna wazo lengine ambalo wazee hapa watanuna. Nunua kitochi, laini ya pili, namba hiyo wape maharusi tu. Changu kina kalenda, kina kumbusho linalolia, chaji inakaa siku kadhaa na ukitaka kusoma status hakina. Mtu akikutumia voisi haiwezekani, atalazimika akuandikie SMS, na SMS ndo tarehe yako ishaandikwa na yeye mwenyewe, hata akija kusema hakusema Ijumaa unamuonesha. Palm haipigi wala haipokei, sasa utakuwa na vitu viwili kwenye mkoba badala ya kimoja na simu kubwa bado unayo.

FundiMkunazini
Hilo la SMS sina la kulipinga, ila vitufe vile kuandika "Kianga, bibi wa bwana harusi ndo atakaelipa, miguu mpaka magotini" ni kazi ya robo saa. Kuna na vile vibao vipya vya kioo cha wino, maandishi yanaonekana kama ya karatasini, Kindle Scribe ilitoka 2022 kwa dola 340, unaandika kwa mkono wako wa kawaida raha tupu, lakini hailii kukukumbusha kitu, na bei hiyo ni maharusi wangapi?

UziWaHina
Wacha we! Basi nimeelewa, nimempigia mtoto sasa hivi hata futari sijatenga. Nimemwambia kama ni m125 achukue na kikadi chake cha zamani, arbuni zitabaki kwenye daftari jipya nitaliweka mbali na mkaratusi, na kitochi cha da Kikwajuni nitakinunua hapo Darajani mfunguo mosi haujaanza. Katuma picha ya nyuma yake, imeandikwa m515. Fundi, hiyo ni ya betri za rimoti?

FundiMkunazini
Ya ndani hiyo, ya 2002. Rangi nzuri, tundu la kadi inalo, lakini betri ishachoka hiyo. Mwambie airudishe kwenye rafu, paundi hizo akuletee pawabenki nzuri.

UziWaHina
Kashailipia 🙆🏽‍♀️

MzeeWaMalindi
Ikifika niletee mie niichezee.