Hati ya dharura bungeni: ibaki ilivyo au ibanwe?

Mtoa mada: Wakuu, naomba tulijadili hili. Muswada wa Serikali ukisomwa mara ya kwanza pale Dodoma, kinachosomwa ni jina lake tu. Kazi yenyewe iko kwenye kamati, wadau wanapoitwa na mtu akaja na karatasi yake kuonyesha kwamba neno moja, "au" badala ya "na", litamwumiza. Hati ya dharura, ambayo husainiwa na Rais ili muswada upitishwe haraka, inabana hatua hiyo hiyo. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipita kwa njia hiyo. Julai 2017 ikafuata mitatu ya maliasili na madini. Hizi ni sheria za vizazi! Mimi nasema hati hiyo iwe ya vita na majanga basi.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Ya 2017 ilihusu mali yetu. Mikataba mibovu haikungojei umalize vikao. Na wabunge walikuwepo, walichangia.

Mchangiaji 2: Kuchangia siyo kurekebisha, ndugu yangu. Baada ya kusomwa mara ya pili, Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima. Katibu anaita ibara moja moja, Mwenyekiti anahoji, "wanaoafiki waseme ndiyo", imepita. Nikifuatilia, mara nyingi ibara tatu zimeshakwenda kabla sijafungua ukurasa. Anayeweza kuisimamisha ni mbunge mwenye jedwali la marekebisho mkononi, yaani maandishi ya mabadiliko anayotaka, na jedwali haliandikwi na mtu aliyeupata muswada juzi.

Mtoa mada: Umenimalizia hoja. Mchangiaji 1, uchungu wa madini ninao kama wewe, ndiyo maana nataka sheria yake iwe imepekuliwa. Tena angalia Ibara ya 97 ya Katiba: Rais anaweza kukataa kusaini muswada akaurudisha bungeni na sababu zake. Je, ule alioutolea mwenyewe hati ya dharura, ataurudisha? Kinga ya mwisho nayo imelegea.

Mchangiaji 1: Hapo kwenye 97 umenigusa. Lakini ukifuta kabisa, siku ya haja ya kweli tutafanyaje?

Mtoa mada: Nalegeza basi, tusiifute. Kanuni za Kudumu za Bunge ziseme kamati ipate walau siku saba za kusikiliza wadau, hata kama hati ipo.