Siku ya kamera mnajaa, siku ya mazoezi mko wapi?

Wadau, nimenyamaza vya kutosha.

Mimi hufunza timu ya vijana wa chini ya miaka 15 hapa Kayole, bila mshahara, huu mwaka wa sita. Juzi mheshimiwa mmoja alituletea jezi. Alikuja na spika juu ya gari, wapiga picha wanne na umati ambao sijawahi kuuona mazoezini. Wazazi wasiojua hata mtoto wao hucheza namba gani walisukumana wapate selfi. Mheshimiwa akapiga penalti. Kipa wetu alikuwa ameshaonywa asidake. Watu wakashangilia! Dakika arobaini, msafara huo ukaenda.

Jezi zina uso wake kifuani. Zimefuliwa mara mbili, uso umeanza kubanduka. Mipira sita, pampu hakuna. Milingoti ya goli aliyoahidi ni ile ile aliyoiahidi kampeni za 2022, na mpaka leo tunapanga mawe. Jumamosi tulicheza Dandora, nauli ya watoto kumi na sita ikatoka mfukoni mwangu.

Na si yeye tu. Agosti 2025 Kenya tulipowapiga Morocco 1-0 Kasarani kwenye CHAN, yale mashindano ya timu za taifa za Afrika, tukiwa kumi uwanjani, nililia kama mtoto. Nairobi nzima ilikuwa shabiki, rais akiahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila ushindi. Madagascar walipotutoa kwa penalti robo fainali, kimya. Jamani, CHAN ile ilikuwa ya wanaocheza ligi za nyumbani! Wale vijana mliowaimba wako hapa hapa kila wikendi. Nendeni mechi ya ligi mhesabu vichwa jukwaani.

Hata nyumbani ni yale yale. Dadangu alitolewa mahari kwa msafara wa magari manane, droni ikizunguka juu ya hema. Mtoto ana miezi saba sasa na shemeji hajaleta hata pakiti moja ya pampasi. Picha za siku ile bado anazibandika mtandaoni. Inaniuma sana.

Kesho Alhamisi saa kumi na moja jioni niko uwanjani. Wewe mzazi uliyepiga selfi, nahitaji mtu wa kuwavusha wadogo barabara mazoezi yakiisha. Na mwenye pampu aje nayo, mipira miwili imeshalala.